Mlinzi wa Giza la Busale

Mwaka 1956 nilihitaji picha ndogo ya uso wangu ili nivuke mto Songwe kuingia Nyasaland, na mpiga picha niliyeelekezwa alikuwa Athuman wa Bondeni, mjini Kyela. Asili yake ilikuwa Kilwa. Mbele ya duka aliuza kanga, sabuni na mafuta ya taa. Nyuma ya pazia alisimamisha kamera kuukuu ya miguu mitatu. Alinikalisha kwenye kiti, akanikataza kucheka, kisha akaanza kunichekesha mwenyewe kwa habari za mteja wake mmoja.

"Yuko mwalimu kule Busale," alisema, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa cheusi. "Watu wote huja hapa niwapige picha zao, au za wake zao, au za ng'ombe wao. Huyu ananunua vioo vyangu vya zamani vya kupigia picha, anakwenda kupiga picha ya sindano. Nikamwambia, Mwalimu, sindano nauza mwenyewe hapa dukani, nitakupigia sasa hivi. Anasema hapana, yake itachukua miezi."

"Miezi?"

"Usitikise kichwa. Miezi, ndiyo. Gizani."

Mvua ilikuwa imezuia malori, na mimi nikisikia jambo kama hilo situlii mpaka nilifuate. Nilikwenda Busale kwa miguu. Mwaka ule na uliofuata nilipita Kyela kila safari zangu ziliponiruhusu, na habari hii nimeiunganisha kutokana na niliyoyaona na niliyosimuliwa na wenyewe, kila mmoja kwa upande wake.

Andongwisye, ndiye huyo mwalimu, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, suruali yake ya kaki imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya matope. Alizaliwa pale pale, katikati ya migomba na majaruba ya mpunga, mtoto wa mzee Asegelile, aliyekuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi. Shule moja ilimpeleka kwenye nyingine, kila mara mbali zaidi na nyumbani, mpaka akafika Makerere, na huko akasoma fizikia. Aliporudi alipangiwa kufundisha hesabu na sayansi katika shule ya kati iliyokuwa jirani na kwao.

Lakini kabla ya kurudi alikuwa ameokota swali. Siku moja mhadhiri wake, Mwingereza mpole, aliwaeleza wanafunzi jambo moja, akalipita haraka kama mtu anayevuka daraja bovu. Andongwisye alinieleza nami jambo hilo tukiwa tumesimama kwenye tuta la jaruba, kwa kuwa alipenda kufundisha kwa vitu vilivyo karibu.

Ukimwaga punje za mpunga juu ya nguzo iliyosimama, alisema, zitaanguka upande huu na upande huu. Utapata marundo mawili. Lakini viwimbi vya maji vikiikuta nguzo hiyo hupita pande zote mbili, hukutana nyuma yake, na pale vinapokutana, vingine huinuana na vingine huuana. Nuru hufanya kama maji. Ndani ya kivuli cha sindano iliyomulikwa vizuri kuna michirizi myembamba ya mwanga na giza. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba nuru hiyo hiyo ukiipunguza sana huja punje punje. Unaweza kuipunguza hadi chumba kizima kiwe na punje moja tu kwa wakati. Punje hiyo hufika kwenye kioo cha picha, huacha alama yake, ndipo nyingine huja. Na bado, ukingoja vya kutosha, alama hizo zikijumlishwa hujipanga kuwa michirizi ile ile.

"Punje iliyo peke yake imekutana na nani nyuma ya sindano?" Andongwisye alimwuliza mhadhiri.

"Hesabu inatoka," mhadhiri alijibu.

"Nimeona inatoka. Nauliza imepita upande gani."

"Ukiweka kitu cha kuchungulia imepita upande gani, michirizi inafutika. Wapo watu Ulaya wanaobishana juu ya hilo mpaka leo. Sisi tuna mtihani wiki ijayo."

Hata hivyo mhadhiri hakumsahau. Walipoagana alimwambia kwamba maabara ingepata nafasi ya msaidizi, na kwamba angeishikilia kwa ajili yake iwapo angemletea jaribio hilo la nuru hafifu, alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Asipolileta, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Andongwisye hakudharau kufundisha desimali. Lakini alijua kwamba pasipo maabara swali lake lingebaki hadithi ya kuwasimulia wanafunzi Ijumaa mchana, na alitaka kuliona kwa macho yake.

Basi alijenga nyumba ya giza. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ya mianzi, pembeni mwa uwanja wake, ubavu mmoja ukitazama majaruba. Nyumba za mianzi za Wanyakyusa ni nzuri kuzitazama na ni mbaya kwa kazi hii, maana nuru huingia kila mahali. Aliyeiziba ni mke wake, Tusekile, Mkisi wa pwani ya ziwa karibu na Matema, ambako wanawake hufinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi kwenda mnadani. Aliikandika nyumba ndani na nje kwa udongo, akausugua kwa jiwe laini kama anavyosugua chungu kabla ya kukichoma. Kisha alijifungia ndani mchana, akatafuta nyota. Kila tundu lililopenyeza mwanga aliliita nyota, akalizima kwa kidole chenye udongo.

Kwa nje, kwenye ubavu wa majaruba, kulikuwa na kibweta cha udongo chenye taa ya chemli. Nuru ya taa iliingia kwa tundu dogo, ikapita kwenye vioo kadhaa vilivyofukizwa moshi, ikajipenyeza katika ufa kati ya nyembe mbili, ikautembea urefu wote wa nyumba, ikaikuta sindano ya kushonea, na mwisho ikatua kwenye kioo cha Athuman. Taa iliweza kujazwa mafuta kutoka nje. Kwa hiyo Andongwisye alikwenda shuleni, Tusekile alitunza taa, na hakuna kingine kilichotakiwa ila mlango usifunguliwe.

Hapa sina budi kueleza jambo moja ambalo kwa Wanyakyusa halihitaji maelezo. Mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Wao huliita ukutila, kuogopa. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na akimwona njiani huacha njia, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Zamani vijana walijenga vijiji vyao mbali na baba zao, na hii ilikuwa sababu mojawapo. Lakini mama yake Andongwisye alikuwa amefariki, mzee alikuwa peke yake, na mtoto mkubwa alirudi kujenga karibu naye, migomba michache tu katikati. Kwa hiyo waliishi kwa uangalifu. Mzee alikuwa na njia yake na Tusekile alikuwa na yake. Mzee alipolazimika kuupita uwanja wa mwanawe alikohoa tangu mbali, au aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya, na Tusekile akapata nafasi ya kujiondoa. Chakula alikipika yeye, akakipeleka mumewe. Dini ilikuwa imelegeza mambo mengi Busale, lakini hilo bado.

Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, na kioo kilikuwa kimeshakaa gizani muda mrefu, siku Tusekile alipokuwa akijaza mafuta kwenye taa, mtoto wao Eliya mgongoni. Aliinua kichwa akamwona mkwewe. Alikuwa anakuja kwenye tuta la majaruba, ambako hajawahi kupita, kimya.

Andongwisye aliporudi kutoka shuleni alimkuta mkewe ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya giza. Mlango ulikuwa wazi.

"Mlango," alisema.

"Nimeuacha makusudi, Baba Eliya. Kuufunga sasa ni kujidanganya. Niliingia."

"Ndani?"

"Baba alikuja. Hakukohoa, hakuimba. Nimeinua kichwa hivi, yupo, kama kutoka hapa hadi kwenye ule mgomba. Huku maji, huku uwanja mtupu. Wewe ungekwenda wapi?"

Andongwisye alitazama maji, akatazama uwanja. Alichukua muda, kama alivyozoea kufanya mbele ya hesabu ngumu.

"Ningeingia ndani," alisema.

"Basi ndivyo."

"Akapita?"

"Hakupita. Alisimama hapa nje, akawa anaupapasa ukuta kwa viganja, kama mtu anayetafuta mlango usiku. Mtoto akaanza kunung'unika, nikamziba mdomo. Nikasema moyoni, akifungua, nimekwisha. Kisha nikasikia anaondoka, anaburuta mguu."

"Mchana anapapasa?"

"Jua la utosi."

Kioo kilikuwa kimekula mwanga wa mchana. Hakikuhitaji kupelekwa kwa Athuman ili ijulikane kimekuwaje. Andongwisye alikitoa, akakiegemeza kwenye ukuta kama mtu anavyoegemeza jembe lililovunjika mpini, na hakusema neno la ukali. Tusekile aliniambia kwamba angefurahi kama angesema. "Mtu akigomba unajua pa kuanzia," alisema. "Huyu alikaa tu, ananishukuru kwa chakula."

Jioni Andongwisye alikwenda kwa baba yake na nia ya kumwuliza jambo moja tu: kwa nini hakukohoa.

"Ugonile, tata," alimwamkia.

"Ndaga, asante. Kaa hapo," mzee alisema, akionyesha kigoda. Kisha akaanza kulalamikia nguruwe pori na bei ya mpunga. Andongwisye hakuketi. Alizunguka polepole, miguu mitupu, akasimama upande wa pili wa moto. Mzee aliendelea kuzungumza na kigoda.

"Baba, mimi niko huku."

Mzee aligeuza kichwa kuelekea sauti. "Najua uko huko. Nilikuwa naongea na kigoda. Kinanielewa kuliko wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

"La kushoto tangu mama yako angali hai. La kulia lilisubiri matanga yaishe."

Ilikuwa ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe ambao kila mtu angeuona iwapo angemtazama mzee kwa muda, na Andongwisye, aliyemletea chakula kila siku, hakuwa amemtazama kwa muda. Miaka baadaye, aliponisimulia, hili ndilo lililomwia gumu kusema. "Nilikuwa napima nuru hafifu kuliko zote Tanganyika," alisema, "na hapo jirani ya baba yangu ilikuwa inazimika."

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza baba yake.

"Ungefanya nini? Wewe ni mwalimu wa nuru, si daktari. Na ungemwambia mkeo. Mkwe akijua simwoni, kwa nini aendelee kujificha? Atapita mbele yangu na ndoo zake kana kwamba mimi ni mti uliosimama uani. Mimi bado ni baba wa mtu."

"Na leo? Mbona hukukohoa?"

"Hukohoa anayejua yuko wapi," mzee alisema. "Nilidhani naupapasa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Nikashangaa nani ameusugua ukawa laini hivyo. Kumeharibika nini?"

Andongwisye alimweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna kioo kingine.

Kilikuwepo kimoja. Athuman alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya safari yake ya Kilwa, ampige mama yake picha kabla hajafa. Kiwanda kilikuwa kimeacha kutengeneza vioo vya kipimo kile, na kamera yake mpya ya filamu hakuiamini. Alikizungusha mkononi, katika karatasi yake nyeusi.

"Mama yangu ameshakataa mara mbili kupigwa picha," alisema. "Anasema uso wake si wa kuuzwa dukani. Chukua. Lakini sindano yako ikitoka imefumba macho, usinilaumu."

Muda uliobaki kabla ya Makerere kufungua ulitosha kwa kioo hicho kimoja, iwapo kingeanza mara moja, na iwapo mlango haungeguswa tena. Andongwisye hakuweza kuacha kazi akalinde. Tusekile asingeweza kulinda akiwa na mkwe asiyejua anakokwenda. Ni mzee mwenyewe aliyelitatua. Asubuhi moja aliagiza apelekewe kigoda chake mlangoni mwa nyumba ya giza, akakaa, fimbo magotini, mgongo kwenye mlango.

Nilimkuta hapo niliporudi kutoka Nyasaland.

"Unalinda nini, mzee?" nilimwuliza.

"Giza."

"Ni kazi ngumu?"

"Nimelifanyia kazi miaka miwili bure. Sasa angalau naletewa chai."

Alikohoa mchana kutwa, kwa furaha, hata pasipo haja. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilitokea: kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Tusekile alijua kila saa mkwewe yuko wapi. Aliweza kutwanga uani na kwenda kisimani kwa njia yoyote aliyotaka. Alijaza taa kwenye ubavu wa majaruba wakati mzee amekaa kwenye mlango, upande wa pili, na nyumba ndefu ilikuwa kati yao. Hivyo wawili hao walifanya kazi moja kutwa nzima bila kuonana.

Ndipo ikaja habari kwamba daktari wa macho, wa kuzunguka, angekuwa katika hospitali ya Tukuyu kwa muda mfupi. Andongwisye alikwenda mlangoni kumwambia baba yake ajitayarishe. Nilikuwepo, nikiwa nimekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Siwezi," mzee alisema. "Niko kazini."

"Nitakitoa kioo."

"Ukikitoa, sipandi lori."

"Baba, macho."

"Macho yangu yamekuwa hivi siku nyingi, yamezoea. Kioo chako kimoja. Nani atakaa hapa? Huyu mgeni? Huyu kesho yuko Karonga."

Ilikuwa kweli. Ndipo sauti ya Tusekile ikatoka nyuma ya nyumba, upande wa taa, kubwa na ya heshima.

"Baba Eliya, mwambie mtu aliyeko mlangoni kwamba akiondoka yeye, mimi sina wa kumkwepa. Nitakaa hapo mwenyewe."

Mzee aliinua kidevu. "Mwalimu, mwambie mtu aliyeko kwenye taa kwamba Lameck jirani anatafuta pa kuweka magunia ya mpunga, na hana aibu."

"Mwambie namjua Lameck."

"Mwambie mvua ikinyesha udongo hupasuka."

"Mwambie udongo nilianza kuushika kabla sijaota meno."

"Mwambie ana mdomo."

"Mwambie ndaga."

Andongwisye, aliyesimama katikati, hakupata nafasi ya kumwambia yeyote chochote. Mzee alitafakari, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Walikaa Tukuyu muda mrefu kuliko walivyodhani, kwa maana baada ya kupasuliwa jicho la kulia mzee alilazwa chali, macho yote yamefungwa bendeji, na alikatazwa hata kukohoa, jambo lililomtesa kuliko kisu. Busale, Lameck alikuja kweli na magunia. Tusekile alimweleza kwamba ndani ya nyumba ile kuna kitu kinachoharibika kikiangaliwa. Lameck aliuliza ni kitu gani. Tusekile alisema naye hajakiona. Lameck aliondoka na magunia yake, na kwa muda mrefu akawa anapita mbali na uwanja ule.

Mvua ilikuwa na ubishi zaidi. Ilinyesha mvua ya nje ya majira, ya upepo kutoka ziwani, na ilipokatika ubavu wa majaruba ulikuwa na ufa mrefu kama mkono. Tusekile aliuziba kutoka nje, udongo juu ya udongo, akausugua. Kama ufa ulikuwa umepenya hadi ndani hakujua.

"Ulifika ndani?" Andongwisye alimwuliza aliporudi, hata kabla hajatua mzigo.

"Ningejuaje bila kufungua?"

"Hungeweza kujua."

"Basi usiniulize kama wale wa Ulaya."

Alikiacha kioo kwa siku zile chache zilizobaki, na ninaamini hakula vizuri hata siku moja kati ya hizo. Kama ufa ulikuwa umepitisha jua, kioo kingekuwa kimeharibika kama cha kwanza, na hapakuwa na kingine Kyela, wala Mbeya, wala pengine popote. Siku ilipofika alikifunga kwa karatasi nyeusi na blanketi, akakipakata kwenye baiskeli ya mwalimu mwenzake aliyeendesha polepole kama amebeba mayai, hadi Bondeni.

Chumba cha Athuman cha kusafishia picha kilikuwa kabati la zamani la nguo lililopanuliwa. Waliingia wawili, mimi nilibaki nje ya pazia na kusikiliza. Sauti ya dawa ikimiminwa. Athuman akinong'ona kuhesabu, kama anavyofanya kila mpiga picha. Beseni likitikiswa polepole.

"Pembeni pana ukungu," Athuman alisema. "Pale pembeni. Naona ukungu."

"Naona."

"Ngoja. Usikitoe. Ngoja kidogo." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Mwalimu, hii nini? Nani ameweka mkeka hapa?"

Nikamsikia Andongwisye akivuta kamasi.

"Mwalimu, imetoka. Mbona unafanya hivyo? Imetoka."

"Ni dawa. Imeniingia machoni."

"Dawa yangu haijawahi kumwingia mtu macho yote mawili kwa pamoja."

Walipotoka nilikiona. Ufa wa Tusekile ulikuwa umeacha wingu la kijivu kwenye kona moja. Mahali pengine, pale palipopaswa kuwa na kivuli kitupu cha sindano, palikuwa na michirizi, myembamba, imekaa sawasawa, ya mwanga na giza. Ilikuwa imechorwa na punje zilizokuja moja moja, kila moja peke yake ndani ya nyumba ndefu, kwa miezi. Nimesimama mbele ya vitu vingi ambavyo watu husafiri mbali kuviona, na mara nyingi nimejilazimisha kustaajabu. Pale sikujilazimisha.

Bendeji ilipoondolewa, mzee alipewa miwani mizito kama vitako vya glasi. Alikishika kioo kwenye mwanga wa jua, akakisogeza, akakirudisha.

"Hii ndiyo niliyoikalia?"

"Ndiyo, baba."

"Na bado hujui zilipita upande gani."

"Sijui."

"Na kama ungefungua mlango uchungulie?"

"Ningejua. Lakini usingeiona hiyo."

Mzee alimrudishia kioo kwa mikono miwili. "Basi ulimweka mtu anayefaa," alisema.

Mhadhiri alijibu kwa simu ya maandishi iliyofika posta ya Tukuyu: nafasi ipo, aje nacho. Andongwisye alifanya kazi katika maabara ile kwa miaka mingi. Nilimtembelea huko Kampala mara moja, nikamkuta na taa bora, na vioo bora, na swali lile lile. Alikuwa amebishana nalo kwa hesabu na kwa vyombo, alikuwa amesoma kila alichoandika yeyote, na aliweza kunieleza majibu ya pande zote za ugomvi wa Ulaya na kasoro ya kila moja. Hakuwa na huzuni. "Kwamba ni hivyo, nimeona," alisema. "Ni vipi, bado." Tusekile alituletea chai, akamwuliza kama leo amepata upande, kwa namna ambayo nilielewa kwamba humwuliza kila siku.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku waliyoondoka Busale. Lori lilisimama barabarani, na watu wa kanisani walikuja kuimba. Mzee alikuja pia, akiwa na miwani yake. Sasa alikuwa anaona, na anayeona ana wajibu wake. Aliagana na mwanawe kwanza. Kisha akaletewa Eliya, akamwinua hadi karibu na miwani, akamtazama uso kwa muda mrefu sana, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuuona vizuri. Mtoto alishika miwani. Mzee alimwacha aishike.

Halafu akamrudisha, akanishika bega, akaligeuzia lori mgongo. Alisimama hivyo akitazama milima ya Ukinga, nami nikasimama naye, tukitazama huko huko. Nyuma yetu nilisikia Tusekile anapita, vyombo vikigongana ndani ya kapu lake, akipandishwa, mtu akisema sogea, nyimbo zikipanda. Kama aliutazama mgongo wa mkwewe, sikuona. Lori likawaka, likaondoka.

"Wamefika wapi?" mzee aliuliza.

Niligeuka. "Wamepita kona."

"Basi nishike mkono turudi. Miwani hii inaileta ardhi karibu mno."

Nilimshika mkono. Alitembea akiinua miguu juu, kama mtu anayepanda ngazi, na kila tulipokutana na mtu alimsalimu kwa jina kabla mtu huyo hajamsalimu.